Jinsi ya Kuhakiki Riwaya ya Kisasa kwa Msomaji Ambaye Hajaisoma

Karibu kila aliyepita shule ya upili nchini Kenya ana namna moja ya kuzungumzia riwaya: maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, mbinu za sanaa, ufaafu wa anwani. Hivyo ndivyo tulivyojibu maswali ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule hiyo, na kwa kazi ile mpangilio huo unafaa. Lakini mtu aliyesimama mbele ya rafu ya duka la vitabu katika Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, ana elfu moja mkononi na karo ya muhula inakaribia, haulizi kitabu kina tashbihi ngapi. Anauliza kinahusu nini, kimeandikwa vizuri au la, na kama kitamfaa yeye. Tahakiki ya msomaji wa kawaida inajibu maswali hayo matatu, na kila jibu linakuja na ushahidi wake.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika tahakiki za aina hiyo: mwalimu wa Kakamega anayeandikia jarida la shule, kijana wa Nakuru mwenye kikundi cha wasomaji, mkutubi, au mtu tu ambaye jirani zake humuuliza wasome nini. Nazungumzia riwaya na hadithi fupi za waandishi walio hai au waliotuacha karibuni, yaani vitabu ambavyo bado havijapata hukumu iliyozoeleka. Hapo ndipo mhakiki anapohitajika hasa, maana hakuna wa kumwiga.

1. Chagua msomaji kabla ya kuchagua maneno

Mchukue mtu mmoja unayemfahamu, mwenye akili na shughuli zake, ambaye hajasoma kitabu hicho. Anaweza kuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye duka la vipuri Kondele, au shangazi yako, mwalimu mstaafu kule Vihiga. Mtu wa namna hii akikukuta na kitabu hukuuliza waziwazi: "Mwalimu, hicho kinahusu nini? Ninunue?" Hakuombi muhtasari wa sura kwa sura, wala nadharia. Anataka kusikia kwa aliyesoma.

Ukimweka mbele yako unapoandika, mengi yanajipanga. Istilahi za darasani zinapungua zenyewe, kwa kuwa hungemwambia shangazi kwamba mwandishi ametumia kisengerenyuma. Ungemwambia kwamba hadithi inaanzia kwenye matanga kisha inarudi nyuma miaka thelathini. Sentensi ya pili ndiyo yenye habari. Ya kwanza inataja tu jina la kifaa.

2. Hakikisha mikono yako ni safi

Waandishi wa upande huu wa nchi si wengi, na wanajuana. Huyu alisoma Maseno na yule, yule ni shemeji wa mchapishaji, mwingine alikufundisha. Ikiwa mwandishi ni ndugu yako, rafiki wa karibu au mtu mliyekosana, mwachie mwingine kazi hiyo. Ikiwa mnafahamiana kidogo tu, sema hivyo katika sentensi moja. Kitabu ulichopewa bure na mchapishaji au mwandishi, sema pia. Hakuna aibu ndani yake, na msomaji ana haki ya kujua.

Kuna nakala za PDF zinazozungushwa kwenye vikundi vya WhatsApp bila idhini ya mwenye kazi. Usihakiki kutoka huko. Nunua kitabu, azima, au nenda kwenye maktaba ya umma. Kisumu, Nakuru na Kakamega zote zina maktaba hizo. Nakala hizo mara nyingi zina kurasa zilizoruka na herufi zilizoharibika, na unaweza kumlaumu mwandishi kwa kosa la mashine.

3. Soma mara mbili, kwa namna mbili

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Soma kama alivyokusudiwa msomaji yeyote: kwenye matatu, kitandani, chini ya mwembe. Kumbuka tu ni wapi ulichoka, ni wapi ulisahau kushuka kwenye stegi yako, ni wapi ulirudia ukurasa kwa sababu hukuelewa na wapi ulirudia kwa sababu ulipenda. Hisia hizo ni malighafi. Mhakiki anayesoma na kalamu tangu ukurasa wa kwanza huishia kukusanya mifano badala ya kuishi ndani ya hadithi, kisha hawezi kumwambia mtu kama kitabu kinavuta au hakivuti, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuvutwa.

Mara ya pili shika kalamu, na kila alama unayoweka iwe na namba ya ukurasa. Mimi huweka alama mahali pa aina nne. Kwanza, sentensi iliyonisimamisha, kwa uzuri au kwa ubovu. Pili, mahali ambapo wakati unabadilika au msimulizi anabadilika. Tatu, kitu kinachorudi: wimbo, gari, koti la baba, mti, neno ambalo mhusika mmoja tu hulitumia. Nne, mahali nilipoacha kuamini, ambapo nilijiambia mtu huyu hangesema hivi au jambo hili halingetokea.

Usipopata nafasi ya kurudia kitabu kizima, rudia angalau sura ya kwanza, sura ambamo mambo yanageuka, na ya mwisho. Sura ya kwanza inayosomwa tena baada ya kujua mwisho ni darasa kamili. Hapo unaona mwandishi alipanda nini mapema, ni kipi kilichoota na kipi alikisahau. Mwandishi makini huweka kwenye kurasa kumi za mwanzo mambo ambayo utayaelewa tu ukimaliza, na ukiweza kumdokezea msomaji kwamba mwanzo huo unastahili subira, umemsaidia sana. Riwaya nyingi nzuri huachwa ukurasa wa ishirini kwa sababu hakuna aliyesema neno hilo.

Kitabu usichokimaliza usikihakiki.

4. Andika maoni yako kabla ya kusikia ya wengine

Siku hiyo hiyo unapomaliza, chukua karatasi uandike sentensi tatu: kitabu kilinifanya nini, kwa nini, na nina shaka gani nacho. Fanya hivyo kabla ya kusoma sifa za nyuma ya jalada, kabla ya kusikiliza mahojiano ya mwandishi, kabla ya kuwauliza wenzako. Sifa za jalada zimeandikwa ili kuuza. Mahojiano yatakueleza mwandishi alitaka kuandika nini, na kuanzia hapo utakuwa unakisoma kitabu alichokisimulia redioni badala ya kile ulichonacho mkononi.

Baadaye, ukishaandika rasimu, soma wengine kwa moyo mkunjufu. Wakikuonyesha ulichokosa, rudi kwenye ukurasa uangalie.

5. Tambua kitabu kinajaribu kufanya nini

Mwandishi wa Marekani John Updike, katika mkusanyiko wa tahakiki zake uliotoka mwaka 1975, aliweka kanuni chache za mhakiki, na ya kwanza ni hii: jaribu kuelewa mwandishi alitaka kufanya nini, wala usimlaumu kwa kutofikia jambo ambalo hakulijaribu. Kwa maoni yangu hakuna kanuni inayovunjwa zaidi ya hiyo katika tahakiki zetu.

Mfano mzuri ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho kwenye ziwa hili hili letu la Victoria. Riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inafuata maisha ya msichana kutoka nyumbani kwao kisiwani, na msomaji anajua yuko wapi na mwaka gani. Halafu mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo mahali hapajulikani, wakati hauendi kwa mstari, na matukio yanafanana na ndoto au hekaya. Anayechukua vipimo vya kitabu cha kwanza na kuvipeleka kwenye vile viwili vya baadaye ataandika kwamba mandhari hayaeleweki, wahusika hawana kina na msuko umevunjika. Kila neno litakuwa kweli, na tahakiki nzima itakuwa ya bure, kwa sababu mandhari yaliyo wazi ndiyo hasa mwandishi aliyoyaacha makusudi. Swali la haki ni kama alichokiweka mahali pake kinamlipa msomaji kwa taabu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu, andika sentensi moja inayoanza hivi: "Kitabu hiki kinajaribu..." Usijaze nafasi hiyo kwa neno la maudhui kama ufisadi au ukoloni mamboleo. Jaza kwa kitendo. Kinajaribu kutufanya tuone aibu ya familia kwa macho ya mtoto asiyeielewa. Kinajaribu kusimulia siku moja ya soko kwa sauti kumi. Kinajaribu kutuchekesha kwenye msiba. Ukishapata sentensi hiyo, una kipimo. Kama huwezi kuipata hata baada ya kusoma mara mbili, hilo nalo ni la kuandika, ila litamke kwa unyenyekevu na utoe kurasa zilizokushinda.

6. Uliza ni nani anayesimulia, na anajua kiasi gani

Nikilazimishwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Riwaya ya kisasa hufanya kazi yake kubwa kupitia msimulizi, na darasani tulipita hapo haraka: nafsi ya kwanza au ya tatu, alama moja, twende mbele.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, safari inayomtoa Tanga na kumfikisha upande wa Kitale akimtafuta baba yake. Kwa kuwa ni yeye anayesema, hatujui kuhusu baba yule zaidi ya anachokijua mwana. Tunatafuta pamoja naye, tunakosea pamoja naye. Sasa jaribu kuiwaza hadithi hiyo hiyo ikisimuliwa na mtu wa nje anayeona pande zote mbili. Matukio ni yale yale, lakini hamu imekufa tangu mwanzo. Ukimweleza msomaji wako jambo hilo kwa sentensi mbili, umemwonyesha kwa nini kitabu kinashika, bila kutaja istilahi hata moja.

Maswali ya kujiuliza: Msimulizi ana sababu ya kudanganya? Anaficha kitu kwa sababu ni mtoto, kwa sababu ana aibu, au kwa sababu mwandishi anataka tu kutushtua mwishoni? Kuficha kwa aina ya mwisho ni udhaifu, na msomaji huhisi hata asipoweza kukutajia. Lugha ya msimulizi inalingana na maisha yake? Mvulana wa miaka minane wa Nyalenda akianza kusema kama mhadhiri, mwandishi ameingilia kati. Na anapobadilika msimulizi, je, tunamtambua kwa sauti kabla ya kuambiwa jina lake? Riwaya nyingi za siku hizi zina wasimulizi watatu au wanne, na kosa la kawaida ni kwamba wote wanaongea kwa kinywa kimoja.

7. Eleza hadithi bila kumwaga mtama

Aya moja inatosha, na isizidi robo ya tahakiki. Mweleze msomaji ni nani, yuko wapi, anataka nini na nini kimemzuia. Simama mahali ambapo hadithi inashika kasi, ambapo kwa kawaida si mbali na robo ya kwanza ya kitabu. Ukitaka kuuzungumzia mwisho, zungumzia umbo lake: unakuja haraka mno, unaacha maswali wazi, unarudi mahali hadithi ilipoanzia. Nani alikufa na nani alioa nani, mwachie mwenye kitabu.

Majina pia yahesabu. Msomaji ambaye hajasoma hawezi kubeba zaidi ya matatu au manne. Wengine waite "dada yake", "chifu", "mwenye nyumba".

8. Nukuu, kisha onyesha

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki, mradi utaje chanzo. Nukuu sentensi mbili au tatu zinazotosha kumwonjesha msomaji. Usichague sentensi tamu zaidi ya zote. Chagua inayofanana na kitabu chenyewe, maana ukimpa asali ya ukurasa mmoja na kurasa mia mbili zilizobaki ni uji mtupu, umemdanganya. Kama kitabu ni cha Kiingereza na wewe unahakiki kwa Kiswahili, tafsiri kipande hicho mwenyewe na useme ni tafsiri yako. Kama ni tafsiri iliyochapishwa, mtaje mfasiri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, na kila sentensi tunayoisoma humo ni kazi ya Ida Hadjivayanis. Kuisifia lugha ya kitabu hicho bila kumtaja yeye ni kumnyima haki yake.

Sasa tuone tofauti kwa mfano. Tuseme, kwa kubuni, kuna riwaya mpya kuhusu mama anayeuza omena, yaani dagaa, ufukweni Dunga hapa Kisumu. Tahakiki tunazozizoea zingeandika hivi:

"Riwaya hii ni kioo cha jamii. Inazungumzia maudhui ya umaskini, ukombozi wa mwanamke na unyanyasaji. Mwandishi ametumia lugha tamu na mbinu mbalimbali kama vile taswira, methali na kisengerenyuma. Wahusika wamejengwa vizuri. Ni kitabu kinachofaa kusomwa na kila mtu."

Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye riwaya mia na yasikosee hata moja. Linganisha na hii:

"Mama anayetusimulia anahesabu tangu ukurasa wa kwanza: debe ngapi, shilingi ngapi, siku ngapi kabla ya shule kufunguliwa. Tunahesabu pamoja naye, kiasi kwamba mvuvi anapomwambia samaki hawauzwi kwa pesa peke yake, hatuhitaji kuelezwa kwa nini ananyamaza. Tayari tunajua amebakiwa na ngapi. Sura za mwisho zinapoteza makali hayo. Anapopata mashua yake mwenyewe, hesabu zinakoma, na kwa kurasa nne anawahutubia akina mama wenzake kama yuko barazani. Nilitaka kujua mashua iligharimu nini."

Aya ya pili haina neno "maudhui", lakini msomaji wa Kisumu amekwisha kuitambua jaboya, desturi ile ya ufukweni ya kudai mwili wa mwanamke kabla ya kumuuzia samaki, na ameiona ikitendeka badala ya kuitajiwa. Ameona pia kitabu kinafanya nini vizuri, wapi kinalegea, na kwamba kulegea huko kunahusiana na ule uzuri wenyewe. Mhakiki ametaja kitu kimoja, hesabu, akakifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipata uzi mmoja wa namna hiyo katika usomaji wako wa pili, tahakiki inakaribia kujiandika.

Kuna maneno ya kuyafuta kila unapoyakuta kwenye rasimu yako: kioo cha jamii, mwandishi nguli, lugha tamu, kimesheheni mafunzo, kinafaa kusomwa na kila mtu. Yamechoka. Mahali pake weka tukio, sentensi au ukurasa.

9. Kitabu kinapogusa majeraha yetu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwetu jambo hili halikwepeki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kisumu, Eldoret, Nakuru na Naivasha ni miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi. Wasomaji wako walikuwepo. Wengine walipoteza nyumba, wengine watoto, na wengine wanaishi leo mtaa mmoja na waliowafukuza.

Fasihi yetu imerudi huko mara nyingi. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2014, inatufungulia kwa Ridhaa, aliyepoteza familia na nyumba kwa moto wa ghasia, na kwa kuwa ilikuwa kitabu teule cha shule, vijana wengi waliokuwa wadogo mno kukumbuka walikutana na mambo hayo humo. Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka karibu wakati huo huo, inaanza na kijana anayepigwa risasi Nairobi wakati wa uchaguzi ule, kisha inaufuata mwili wake hadi nyumbani kaskazini, na njiani inachimba nyuma hadi mwaka 1969, alipouawa waziri Tom Mboya. Msomaji wa Kisumu akisikia 1969 anakumbuka pia Oktoba ya mwaka huo na risasi zilizowaua watu siku ya kufunguliwa hospitali ya hapa Kisumu tuliyoiita Russia. Msomaji wa Mombasa huenda asikumbuke. Kwa hiyo mhakiki anatoa muktadha kwa sentensi mbili, si kwa insha ya historia: nini kilitokea, lini, na kwa nini kitabu kinakihitaji.

Mambo ninayoshauri. Mwonye msomaji kama kuna kurasa za mauaji au ubakaji zilizoandikwa kwa undani. Kufanya hivyo si kufichua hadithi. Usiwahesabu wahusika kwa makabila na kutoa hukumu kama hakimu wa kata; uliza badala yake kama aliyeuawa alipewa maisha kamili kabla ya kufa, au aliletwa tu ili afe. Uliza kama aliyeshika panga ana akili na historia, au ni kivuli. Riwaya inayomfanya muuaji kuwa mnyama tu imejirahisishia kazi, na inaturahisishia sisi pia, tuliowajua watu hao kwa majina.

Waandishi wengi wa Kiswahili huweka mambo ya namna hii katika nchi au miji ya kubuni. Ken Walibora aliyaweka ya kwake Sokomoko katika Kidagaa Kimemwozea. Usitumie tahakiki yako kufumbua kila jina na kusema huyu ni mheshimiwa fulani, yule ni fulani. Mchezo huo unafurahisha kwa aya moja na unakiua kitabu, kwa sababu msomaji ataanza kuhakikisha mfanano badala ya kusoma. Eleza uamuzi huo wa kubuni mji umempa mwandishi uhuru gani, na umemkosesha nini. Mara nyingine kinachokosekana ni harufu ya mahali: mji wa kubuni hauna soko lake la Kibuye la Jumapili, hauna vumbi la Njoro, na mateso yanayotokea pasipo mahali husomeka kama somo la uraia.

10. Toa hukumu, na uibebe

Tahakiki isiyo na hukumu imemwacha msomaji pale pale alipokuwa. Sema kitabu kimefaulu wapi, kimeshindwa wapi na kwa kiasi gani, na nani atakifurahia. Usiseme kila mtu. Sema: anayependa hadithi zinazokwenda polepole na zenye ukoo mrefu, anayeweza kustahimili kurasa hamsini za mwanzo zisizo na tukio, asiyejali Kidholuo kisichofafanuliwa kwenye mazungumzo. Hilo la mwisho ni muhimu hapa petu. Kitabu kimoja humfungukia msomaji wa Siaya na kumfungia yule wa Molo, na msomaji anastahili kujua kama atapotea au muktadha utamsaidia.

Vitabu vya wanaojichapishia vinaongezeka, na vingi havikupitia kwa mhariri. Makosa ya tahajia machache yaache. Yakiwa kila ukurasa, sema, kwa sababu mnunuzi analipia. Lakini tenganisha: herufi iliyopotea ni kosa la uchapishaji, mhusika anayebadilika jina sura ya saba ni kosa la uhariri, na mazungumzo ambayo hakuna binadamu angeyasema ni kosa la uandishi. Ukali wako uuelekeze kwenye la tatu.

Kitabu cha kwanza cha kijana asiyejulikana kikiwa kibovu kabisa, mara nyingi ni bora kukiacha. Kurasa zetu ni chache, vitabu vizuri visivyotajwa na mtu ni vingi. Ila kitabu kibovu cha mwandishi mwenye jina, kinachosifiwa kila mahali, kinastahili kujibiwa, kwa kurasa na namba zake.

Kuhusu mikusanyiko ya hadithi fupi, neno moja: usipite hadithi zote. Chagua tatu, iliyo bora, iliyo dhaifu na inayowakilisha mkusanyiko, na useme zilivyopangwa. Aina hii ya fasihi imetuletea heshima kubwa. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alipata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2002, na Owuor akaipata mwaka uliofuata, lakini bado mikusanyiko inahakikiwa kwa orodha ya vichwa vya hadithi.

11. Punguza, hakikisha, peleka

Maneno 600 hadi 900 yanatosha. Rasimu ya kwanza karibu kila mara huanza na aya ya kujipasha moto kuhusu umuhimu wa fasihi. Ifute uone kama ya pili haiwezi kusimama mwanzo. Mwanzo mzuri unamweka msomaji ndani ya kitabu: mtu fulani, mahali fulani, akifanya jambo.

Hakikisha jina la mwandishi kwa herufi zake, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na bei uliyolipa. Fungua kila ukurasa ulionukuu ulinganishe neno kwa neno. Majina ya wahusika yasome kwa kidole, kwa sababu hapo ndipo makosa hujificha. Kisha msomee kwa sauti mtu ambaye hajasoma kitabu, na umuulize mambo mawili tu: kinahusu nini, na mimi nimekionaje. Akishindwa kujibu la pili, hukumu yako bado haijatoka kwenye wino.

Ikishatoka, mwandishi au mashabiki wake wanaweza kukupigia. Wakikuonyesha kosa la ukweli, mwaka, jina au nukuu, sahihisha siku hiyo hiyo na useme umesahihisha. Wakitaka ubadilishe maoni, wasikilize kwa adabu, uwaambie ukurasa uliokufanya uamini hivyo, na uyaache maoni yako yalivyo. Daftari la usomaji wako lihifadhi na jina la kitabu juu yake. Mwandishi huyo akitoa kingine miaka mitatu ijayo, utaanzia hapo.